Springi za Gari ya Shamba: Namna ya Kuzilegeza Bila ya Kuziharibu

Wanachama wengi wenye gari za kuchukulia karafuu wametuuliza habari ya springi. Swali lao ni moja, ijapokuwa kila mtu huliuliza kwa namna yake: je, gari inayovuta kwa magurudumu yote manne, yenye springi ngumu za majani, yaweza kufanywa inyumbuke zaidi, ili kila gurudumu likanyage ardhi katika njia zetu za mabondeni? Wengine wameambiwa na mafundi kwamba dawa ni kutoa majani mawili matatu katika kila springi. Wengine wameambiwa waziinue gari zao kwa shekeli ndefu. Kabla mwanachama hajatoa fedha zake, au hajamkabidhi fundi gari anayoitegemea kwa mavuno ya mwaka mzima, twaona yafaa tulieleze jambo hili kwa ukamilifu.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili. Springi zaweza kulegezwa, na faida yake ni ya kweli. Lakini sehemu kubwa ya faida hiyo hupatikana kwa kazi ya mikono na grisi, si kwa kukata wala kutoa. Na gari ya mzigo haitolewi majani. Haya mawili ndiyo tutakayoyaeleza.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Karafuu mbichi haingoji. Kilo tatu za mbichi hutoa karibu kilo moja ya kavu. Maana yake ni kwamba gari itokayo shamba imebeba maji zaidi kuliko karafuu. Maji hayo yakikaa ndani ya magunia usiku kucha, karafuu hupata joto na kuchacha, na zikianikwa baadaye hutoka nyeupe-nyeupe na zenye kunywea. Kila mwanachama aijua bei ya karafuu za namna hiyo. Basi gari ikikwama bondeni jioni ya mvua za vuli, khasa katika vilima vya udongo vya magharibi ya Pemba, hasara si ya saa chache. Ni hasara ya kazi ya wachumaji wote wa siku ile.

Tena kuna jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Gari zetu hazichukui magunia peke yake. Twajua sote kwamba juu ya magunia hukaa watu. Kila shauri juu ya springi ni shauri juu ya roho za watu hao.

Kwa nini gurudumu huinuka

Mitaro ya njia zetu haikati njia moja kwa moja, huipita mshazari. Gari ikiingia, gurudumu la mbele la upande mmoja hupanda juu, na wakati huo huo la nyuma la upande wa pili nalo hupanda. Yale mawili yaliyobaki huning'inia. Springi zikiwa ngumu na gari ikiwa tupu, magurudumu yanayoning'inia hayashuki ya kutosha, na moja huinuka hewani.

Hapo ndipo difu inapotutia mashakani. Difu ya kawaida hulipa gurudumu lililo jepesi njia ya kuzunguka. Lililo hewani huzunguka bure, na mwenziwe aliyekanyaga ardhi hana nguvu ya kuvuta. Dereva hukanyaga mafuta, gurudumu huchimba, na gari hulala pale pale. Kumbe injini ina nguvu tele. Kilichokosekana ni gurudumu kugusa chini.

Angalia pia kwamba taabu hii hutupata zaidi tunapokwenda bondeni na gari tupu kuliko tunaporudi na mzigo. Springi ya lori imetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Bila ya mzigo ni kama ubao. Basi tunachokitaka ni springi iliyo laini gari ikiwa tupu na iliyo na nguvu gari ikijaa, wala si springi iliyo laini wakati wote.

Springi ya majani na hesabu yake

Springi za majani zilikuwako katika magari ya farasi kabla ya motokaa kuzaliwa. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa na springi za majani pande zote nne. Range Rover ya 1970 ilikuja na springi za kuviringika, na Land Rover za kazi zikafuata mwaka 1983. Toyota Land Cruiser ya namba 70, iliyotoka mwaka 1984, ilikuwa na majani mbele na nyuma. Mwaka 1999 ile ya mzigo ilibadilishwa mbele, lakini nyuma ilibaki na majani. Sababu ni nyepesi. Springi ya majani hufanya kazi mbili: hubeba mzigo, na papo hapo huishika eksoli mahali pake. Springi ya kuviringika hubeba tu, na eksoli yake hutaka fito nyingine za kuishika.

Ugumu wa springi hutokana na vitu vitatu: idadi ya majani, unene wa kila jani, na urefu wake. Idadi hufanya kazi kwa hesabu ya kawaida. Majani manane ya unene mmoja yakiwa sita, ugumu hupungua kiasi cha robo. Lakini unene na urefu hufanya kazi kwa mara tatu. Jani likipunguzwa unene kwa nusu, ugumu wake hauwi nusu, bali huwa sehemu moja kwa nane. Na springi ikizidishwa urefu kwa sehemu moja katika kumi, ugumu hupungua kiasi cha robo, bila ya kutoa jani hata moja.

Tuchukue mfano. Jani la milimita 8 na jani la milimita 6, vyenginevyo vyote sawasawa. Jani la 6 lina ugumu wa kiasi cha asilimia 42 ya lile la 8. Majani mawili ya 6 pamoja yana ugumu wa asilimia 84. Basi ukiweka mawili membamba mahali pa moja nene, nguvu ya kubeba haipotei sana. Lakini jani jembamba laweza kupindika theluthi moja zaidi kabla chuma chake hakijachoka kama kitakavyochoka cha lile nene. Hii ndiyo siri ya springi zinazonyumbuka: majani mengi, membamba na marefu, si majani machache na manene.

Kabla ya kununua kitu chochote

Springi nyingi tunazoziona mashambani si ngumu kwa sababu ya chuma chake. Ni ngumu kwa sababu ya kutu. Matope na chumvi huingia baina ya majani, kutu hushika, na majani manane huwa kama pande moja la chuma. Springi ya namna hiyo haipindiki mpaka ipigwe kwa nguvu, na ikipigwa huruka.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kuzishusha springi, kuzifungua, kulisafisha kila jani kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kukagua nyufa, kisha kupaka grisi yenye unga wa risasi ya penseli baina ya majani. Jani lenye ufa, hata mdogo kama unywele, halirudi. Ncha za majani zikiwa zimechimba vijibonde katika jani la juu yake, zisuguliwe kwa tupa ziwe laini.

Kazi ya pili ni bushi na shekeli. Shekeli ndicho kile kiungo kinachoinamisha ncha moja ya springi huku na huku. Springi ikinyooka huwa ndefu zaidi, na urefu ule hauna pa kwenda isipokuwa shekeli igeuke. Shekeli iliyoganda kwa kutu huifunga springi yote. Zile za bushi za shaba zenye tundu la grisi zitiwe grisi kila juma wakati wa mavuno. Zile za mpira zisitiwe grisi ya kawaida hata kidogo, maana huula mpira. Na bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho kabisa wakati gari imekwisha kusimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa eksoli ikiwa inaning'inia, mpira hubaki umesokotwa siku zote, na hupasuka mapema.

Kazi ya tatu ni zile pete za chuma zinazoyafunga majani pamoja. Pete iliyobana sana huyazuia majani yasiteleze. Ilegezwe kiasi majani yaweze kusogea, lakini isitolewe. Pete zikitolewa, gurudumu linaposhuka jani kuu hubaki peke yake likibeba uzito wa eksoli, mengine yakaachana kama vidole, na mchanga ukaingia kati.

Kazi ya nne, kwa gari yenye fito ya kuzuia kulala upande, ni kuifungua fito hiyo upande mmoja unapoingia njia ya shamba, na kuifunga tena unapotoka barabarani. Kuisahau ni hatari, kwani gari itayumba katika kona za lami.

Na kazi ya tano haina gharama kabisa: punguza upepo kidogo katika matairi unapokwenda bondeni na gari tupu. Tairi laini hushika udongo kwa upana. Lakini lijazwe tena kabla ya kupakia magunia. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo hupata joto na kupasuka.

Kipimo cha gunia

Mwanachama asikubali neno la fundi kwamba gari imelainika, bali apime mwenyewe kabla na baada. Isimamishe gari tupu mahali pa sawasawa. Tandika gunia tupu, liingie chini ya tairi la nyuma la kulia. Kisha endesha pole pole tairi la mbele la kulia juu ya mbao zilizopangwa kama ngazi imara, mbao moja baada ya moja, na kila mara mtu avute lile gunia. Gunia litakapovutika kwa mkono mmoja, hapo tairi la nyuma limeacha kubeba uzito wa maana. Pima kimo cha mbao. Fanya hivyo hivyo upande wa kushoto. Namba mbili hizo ndizo unyumbufu wa gari yako. Matairi yaliyobaki yawekewe vizuizi kila mara gari isimamapo, na asiingie mtu yeyote chini ya gari wakati wa kipimo.

Zikifanywa zile kazi tano, rudia kipimo. Wanachama wengi wataona tofauti ya kutosha, na hawatakuwa na haja ya kuendelea.

Shauri la kutoa majani

Sasa tuje kwenye dawa ile inayouzwa rahisi. Springi yenye majani manane ikitolewa mawili, kila lililobaki hubeba theluthi moja zaidi ya mzigo wake wa zamani. Gari tupu itakuwa laini, na mwenyewe atafurahi. Lakini mavuno yakija, magunia ni yale yale. Springi hulala, eksoli hugonga raba za kuzuilia, na jani kuu hupindika kupita kiasi katika kila shimo. Jani kuu ndilo lenye macho yanayoifunga eksoli kwenye chesisi. Likikatika mbele ya eksoli wakati gari inateremka, upande mmoja wa eksoli hurudi nyuma na gari hujiendea yenyewe. Hakuna dereva hodari wa kulizuia jambo hilo.

Mwenye gari ya kutembelea, isiyobeba mzigo, aweza kuzungumza habari ya kutoa majani. Mwenye gari ya karafuu asizungumze.

Springi ya namna mbili

Kwa anayetaka kutoa fedha, njia iliyo bora kwa kazi yetu ni springi iliyopangwa kwa hatua mbili. Juu hukaa majani membamba na marefu yanayobeba gari tupu. Chini yake, au juu kabisa kwa namna nyengine, hukaa majani mafupi na manene ya msaada, ambayo hayaguswi mpaka gari ipate mzigo. Gari tupu hunyumbuka. Gari ikijaa, majani ya msaada hushika. Mpango huu si mgeni, na malori mengi hutoka nao kiwandani. Kinachotakiwa ni kuupima sawasawa: majani ya msaada yaanze kugusa mzigo unapofika kiasi cha nusu, si mapema wala si kwa kuchelewa.

Ziko pia springi zenye majani machache, mawili au matatu, yaliyo manene katikati na kukonda kuelekea nchani, yasiyogusana ila katikati na ncha. Hizi hazina msuguano mwingi na hunyumbuka vizuri sana. Lakini msuguano wa majani ya kawaida husaidia kuituliza gari isirukeruke, na ukiondoka, kazi yote huiangukia shokapu. Basi anayenunua springi hizi anunue na shokapu njema, na ahakikishe kwa maandishi kwamba zimetengenezwa kwa uzito wa gari yake ikiwa na mzigo.

Kuhusu shekeli ndefu, mwanachama ajue kwamba inchi 2 za shekeli huinua gari inchi 1 tu, kwa kuwa eksoli iko katikati ya springi. Na zikiwekwa mbele hubadilisha mlalo wa eksoli, stelingi ikawa nyepesi na ya kutangatanga barabarani. Shekeli iliyozidi kidogo, yenye pembe ya kuigeuza vizuri, yasaidia. Shekeli ya kupandishia gari kwa sura haina faida.

Ama kuhamisha springi kutoka chini ya eksoli kwenda juu yake, twashauri lisifanywe kwa gari ya mzigo. Gari huinuka sana, uzito hukaa juu, na katika njia ya mbavuni hupinduka kwa urahisi zaidi. Tena eksoli huisokota springi kwa nguvu kila unapokanyaga mafuta katika gia ndogo, na fito za stelingi hutoka katika mstari wake.

Vitu vinavyoifuata springi

Hapa ndipo panaposahauliwa. Eksoli ikiruhusiwa kushuka zaidi, kila kilichofungwa baina yake na chesisi lazima kiifuate. Kwanza ni mpira wa breki. Inua chesisi kwa jeki, iegemeze juu ya vigingi imara, iache eksoli ining'inie mpaka mwisho, na utazame mpira ule. Ukiwa umekazika, utakatika siku moja bondeni. Gari za zamani zenye bomba moja la breki hupoteza breki zote mara moja. Mpira mrefu zaidi ni kitu cha bei ndogo. Usiinunue springi kabla yake.

Pili ni shokapu. Eksoli ikiwa chini kabisa, shokapu isiwe ndiyo inayoizuia, na ikiwa juu kabisa isiwe imefika mwisho. Shokapu fupi hung'oa vishikio vyake. Tatu ni propela shafti, ambayo sehemu yake ya kuteleza isichomoke. Nne ni waya wa hendibreki. Tano ni jambo wasilolijua wengi: gari nyingi za mzigo zina vali nyuma inayopima kimo cha chesisi juu ya eksoli ili kujua mzigo uliopo. Gari ikiinuliwa, vali hudhani haina mzigo, na hupunguza breki za nyuma hata kama gari imejaa. Vali hiyo lazima irekebishwe kila springi zinapobadilishwa.

Mwisho, yubolti. Yubolti zilizofunguliwa zisirudishwe, zinunuliwe mpya. Zikazwe tena baada ya safari za siku ya kwanza, na tena baada ya juma moja. Eksoli hushikwa na mkazo wa yubolti. Ile senta bolti kazi yake ni kuyaweka majani mahali pake tu, na yubolti zikilegea hukatika.

Na jani la springi halichomelewi, halitobolewi, wala halitiwi katika moto wa mhunzi ili lirudishwe upinde. Chuma chake kimepikwa na kupozwa kwa kipimo. Moto usio na kipimo hukiharibu, na kwa macho huwezi kukijua mpaka kikatike.

Shauri letu

Kwa hayo, twawashauri wanachama wafuate mpango huu. Mwezi mmoja kabla ya mavuno, springi zifunguliwe, zisafishwe na zitiwe grisi, na kipimo cha gunia kifanywe. Wanaohitaji zaidi wanunue springi za hatua mbili, na mpira wa breki uwe wa kwanza kununuliwa. Gari iliyobadilishwa ionyeshwe kwa mkaguzi wa magari, na kampuni ya bima iarifiwe. Wanachama wa kijiji kimoja wenye gari za namna moja wanaweza kushirikiana katika ununuzi na kumlipa fundi mmoja mzuri, badala ya kila mmoja kutafuta wake.

Na springi ikiwa laini namna gani, haiongezi mzigo ambao gari yaruhusiwa kubeba. Gari inayonyumbuka hulala zaidi upande magunia yakiwa marefu. Basi magunia yapangwe chini na yafungwe, na wachumaji warudi kwa miguu katika sehemu za mbavuni na za miteremko mikali, hata kama wamechoka na jua limekuchwa. Gari itawangoja juu. Haraka haraka haina baraka, na karafuu za siku moja hazina thamani ya mtu.